Vilima Tunavyovipita kwa Boda

Mgeni akifika Arua na kutuuliza wapi pazuri pa kutembea, huwa tunacheka kwanza. Tunamwambia hapa ni vumbi, boda na soko, basi. Lakini tangu mwezi wa kumi na mbili tumeanza kupanda vilima, na sasa tunaona aibu kwamba tulikuwa tunacheka.

Tuko saba. Wengine tumetoka Kongo, wengine Sudan Kusini. Wengine tunakaa Rhino Camp, wengine Lobule, wengine tunahangaika mjini. Tunaelewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Hatukuwa na hela ya safari, tulikuwa na siku tu, maana ukiwa huna kazi siku ni nyingi. Hizi ni sehemu nne tulizokwenda.

Ya kwanza ni Arua Hill, pale pale mjini. Wote tulishapita chini yake mara nyingi sana, tukikimbilia ofisi fulani na bahasha mkononi, na hakuna aliyewahi kuinua macho. Panda saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa. Chini unaona mabati, miembe mingi kuliko ulivyodhani, uwanja wa gofu wa kijani, na moshi wa jiko la mkaa ukianza kutoka kila ua. Upande wa magharibi, ardhi ile inayopanda taratibu ni karibu kabisa na Kongo. Arua ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, lakini kutoka juu bado inaonekana kama kijiji kikubwa chenye haraka. Wenyeji wanasema jina lake lilitokana na neno la Kilugbara la gereza, kwa sababu ya watu waliofungwa hapa wakati wa wakoloni. Mmoja wetu akasema, "Kumbe mahabusu tumepanda juu." Tulicheka, lakini si sana.

Ya pili ni Vurra, mpakani. Hapa hakuna hata kilima cha kupanda. Ni mgongo wa ardhi tu, unaweza kusimama juu yake ukinunua ndizi na usijue. Lakini mpaka wa Uganda na Kongo katika eneo hili ulichorwa kufuata mgongo huo, kwa sababu ndio unaogawanya maji. Mvua inayoanguka upande wa mashariki inashuka kwenye vijito hadi Nile, halafu Sudan, halafu Misri. Inayoanguka upande wa magharibi inakwenda mto Kibali, Uele, Ubangi, mwisho mto Kongo na Atlantiki. Matone mawili kutoka wingu moja, na hayatakutana tena mpaka baharini.

West Nile yenyewe imehamishwa bila kusogea. Ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji katika eneo la Lado, akafa 1909, ikawa Sudan, na 1914 ikawa Uganda. Waliochora walifuata maji, hawakufuata watu. Walugbara wako huku na huko, Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mwenzetu wa kutoka upande wa Aru alisimama pale muda mrefu, akasema, "Mimi nimekimbia nchi, lakini lugha sikuikimbia, nimeikuta hapa inaningoja."

Ya tatu ni mlima Wati, kule Terego. Wale waliopelekwa Imvepi 2017 wanaukumbuka bila kujua jina lake. Uko kwenye tambarare peke yake, na ukiwa juu ya lori umeshika mtoto na godoro, unauona mbele, baadaye pembeni, na bado haujakuacha. Walugbara wanasimulia habari za mashujaa wawili wa zamani, Jaki na Dribidu. Dribidu anahusishwa na Wati, Jaki anahusishwa na Liru, mlima wa Koboko. Masimulizi yanasema wote wawili hawakuwa wa hapa, walikuja kutoka kaskazini. Leo ndio wanaohesabiwa kuwa mababu. Tuliposikia hivyo tuliangaliana tu.

Ya nne ndiyo iliyotufanya tuandike. Ni Liru.

Tulitoka Arua asubuhi kwa barabara ya lami inayokwenda Koboko. Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1, tukajieleza, naye akatupeleka kwa mzee mmoja wa pale karibu, maana mlima huu una heshima zake na huwezi kupanda tu kama unapanda ngazi. Mzee alitusalimia kwa Kiswahili cha jeshi, kile cha zamani. Akachukua fimbo yake, akasema atatusindikiza mpaka nusu. Alifika juu kabla yetu.

Kutoka juu unaona nchi tatu. Hakuna mstari wowote chini, ni majani makavu, mashamba na vijia vyekundu. Mzee akanyosha fimbo: kule Kongo, kule Kaya, na mbele zaidi njia ya kwenda Yei.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi, hewa ina ukungu wa vumbi. Upande wa Yei kulikuwa na moshi sehemu tatu. Dada yetu mmoja aliondoka huko 2016 akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alibaki kulinda nyumba, na mpaka leo hawajui habari zake. Mama yake alikuwa amemkataza kuja. Alimwambia, "Utaangalia nini huko? Macho hayaleti mtu." Akaja hivyo hivyo. Sasa anauangalia ule moshi, anauliza kwa sauti ndogo, "Ni nyasi au ni nyumba?"

Hakuna aliyejibu. Sisi wote tunajua moshi una aina mbili.

Mzee ndiye aliyejibu. "Mwezi huu ni nyasi, mwanangu. Wanachoma porini. Moshi wa nyumba ni mweusi." Akakaa kwenye jiwe. "Mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Tulikimbia 1980, tukakaa kule, upande wa Kaya, miaka sita. Mvua ikikata, asubuhi, nilikuwa nauona mlima huu. Nikiona moshi huku, nauliza watu, ni nyasi au ni kwetu?"

Dada yetu akamuuliza, "Sasa baba, ulikuwa unajisikiaje ukiuangalia?"

"Vibaya," akasema mzee. "Lakini siku usipoonekana nilijisikia vibaya zaidi."

Hatukupiga picha nyingi. Tulikula mihogo tuliyobeba, tukakaa mpaka jua likaanza kutuchoma shingo.

Vijana wenzetu, nendeni. Bebeni maji, vaeni viatu vilivyofunga, piteni kwa LC1 na wazee kwanza, na mkiwa karibu na mpaka simu ikae mfukoni, msipige picha za askari. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tunawashukuru, lakini tuna ombi. Fomu zenu hutuuliza kuhusu maji, sabuni, mgao na shule. Ni sawa, tunavihitaji. Ila siku moja mkiwa na gari lenye nafasi, wapelekeni wazee wetu Liru. Kuna watu kambini wana miaka mingi hawajaona mbali kuliko choo cha jirani. Msiandae mafunzo. Wapelekeni tu, waacheni wakae.

Dada yetu aliporudi nyumbani, mama yake hakumgombeza. Alimwekea chakula, akanyamaza mpaka sahani ikaisha. Ndipo akauliza, "Njia ya Yei inaonekana?"

Akamwambia inaonekana, ila kuna vumbi.

"Basi mvua zikianza," mama akasema, "hewa itakuwa safi." Tumeshamtafutia viatu.