Kengele Iliyolia Bila Mafuriko

Chombo cha umeme kikianza vituko, wengi wetu hukipiga kofi. Kisiposikia kofi, tunasema kimekufa. Lakini viko vituko ambavyo ni habari, na mwenye subira huisoma.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alimtengenezea mama yake king'ora cha mafuriko huko Kau, kando ya mto Ozi, karibu na Kipini ambako maji ya Tana huingia baharini. Si jambo la mchezo. Watu wa huko wanaikumbuka El Niño ya mwaka 1997, na mafuriko ya Novemba 2023 hayajasahaulika. Kijana alichukua Arduino, kile kibao chenye maikrokontrola kilichobuniwa Italia mwaka 2005, akaunganisha betri ya sola, honi, na waya mbili zisizo na ganda zilizosimamishwa mtoni. Hesabu yake ilikuwa hivi: maji yakipanda, sehemu kubwa zaidi ya waya inalowa, umeme unapita kwa wingi, na honi inalia.

Basi ikalia. Ikalia wakati wa kiangazi, maji yakiwa mbali na kingo. Majirani walitoka mbio mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hakutoka mtu. Hapo ndipo penye hatari, maana siku mafuriko ya kweli yakija, watu watalala.

Nilipofika tulianza na umeme wenyewe, kwa sababu vituko vingi vya saketi hutoka hapo. Mita ilionyesha volti 5 kwenye kibao, hata honi ilipolia. Tukakaza viungo vyote, kisha tukaweka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na chipu ili kutuliza mitikisiko ya umeme. Tulibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya. Honi ikaendelea.

"Mjomba, ni sola," alisema kijana. "Inalia jua likichomoza na likizama."

Nikamwambia aandike saa. Siku ya kwanza honi ya jioni ililia saa 12:00, ya pili saa 12:45, ya tatu saa 1:30 usiku. Jua halichelewi hivyo. Dada yangu, ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu, alilitazama daftari akacheka.

"Hii ni bamvua. Maji ya bahari yanapanda mto."

Naam! Bahari hujaa mara mbili kwa siku, tena kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kwa kuufuata mwezi. Tukajaribu kwa ndoo mbili za maji ya mto yaliyotekwa wakati wa kupwa, kina sawa. Moja tukaitia chumvi. Kipimo kikaruka papo hapo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu. Waya hazikuweza kupambanua maji mengi na maji ya chumvi.

Kwa mafuriko tukaweka boya lenye sumaku, linalopanda na maji na kufunga swichi. Boya halijali chumvi. Swichi tukaishikiza kwenye volti 5 kwa rezista ya kiloomu 10, ili inapokuwa wazi isiokote umeme wa ovyo na kuidanganya chipu.

Waya je? Hatukuzitupa. Chumvi ikiingia shambani mpunga hufa. Sasa kazi yao ni kuwasha taa nyekundu, na dada akiiona huziba mfereji wake. Zinapewa umeme kwa sekunde moja tu kila dakika 10, kwa sababu umeme wa mfululizo ndani ya maji huzila upesi.

Basi wazazi, mtoto akileta chombo chenye vituko, msiwe wepesi kumwambia akitupe. Mpeni daftari aandike kila kinapokosea, kisha aketi na mtu anayeyajua maji ya pale, hata kama hajui umeme.