Mtoto Anakuja Novemba. Gari Liko Wapi?

Kwenye simu yangu kulikuwa na orodha ya vitu 14. Kitanda cha mtoto. Beseni la kuogea lenye umbo la bata. Neti. Nguo za sisi watatu za rangi moja, ndiyo tupige picha. Namba moja kabisa ilikuwa kile kigari cha kusukuma mtoto. Kimetumika kidogo, muuzaji yuko Malindi, bei 7,500, nikituma 3,000 ananiwekea.

Kigari. Garsen. Wenye mnaijua Garsen mkimaliza kucheka tuendelee. Mvua ikinyesha huo udongo mweusi unang'ang'ania hata buti, na mimi nilikuwa nataka kusukuma mtoto hapo juu ya magurudumu manne ya plastiki.

Nilikuwa nishaandika namba ya muuzaji kwenye M-Pesa. Mamangu alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Akaniuliza bila hata kuinua macho, "Na uchungu ukimshika saa nane za usiku, mwanangu, mtapanda nini?"

Nikamwambia tutapata boda.

"Boda," akasema. "Haya."

Kama umelelewa na mama wa huku unajua ile "haya" si kukubali.

Alikuwa na sababu yake. Novemba 2023, wakati wa El Niño, dadangu mkubwa alishikwa na uchungu maji yakiwa yamezunguka kijiji chao. Watu wa nje huwa hawaelewi mafuriko ya Tana. Huku jua linaweza kuwaka kabisa na mto unapanda, kwa sababu mvua imenyesha huko juu, Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa yamejaa, na siku kadhaa baadaye maji yanatufikia sisi. Dadangu alitolewa kwa mtumbwi gizani mpaka kwenye lami. Tukadhani shida imeisha, kumbe hapo ndipo imeanza. Mwenye gari alitaka 9,000 mkononi kabla ya kuwasha injini.

Simlaumu sana. Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, ni usiku, ni mvua, na mafuta ni yake. Lakini sisi hatukuwa nazo. Nilikuwa bado chuo, kabla karo haijanishinda nikaacha. Simu iliniamsha saa tisa. Nilikuwa na 640. Tulichanga watu saba, huyu 500, yule 1,200, mwingine anasema ngoja niamshe jirani. Ilichukua saa moja na nusu. Saa moja na nusu dadangu amelala kando ya barabara, kichwa kwenye mapaja ya mamangu.

Mtoto alizaliwa mzima, alhamdulillahi. Sa hii anakimbiza kuku. Lakini wiki hiyo mbuzi watatu wa mama waliuzwa kwa bei ya mtu mwenye haraka, na deni lililobaki lilikuja kuisha Agosti ya mwaka uliofuata. Mambo hayo yote yalipita mbele ya macho yangu. Zamu yangu ilipofika, nikaandika beseni la bata.

Nikafuta ile namba ya muuzaji. Usiku huo nikakaa na mke wangu tuandike orodha upya, na swali la kwanza lilikuwa: ni kitu gani tukikikosa mtu anaweza kufa? Kila kitu kingine kikasubiri nyuma ya hilo.

La kwanza, gari. Mtoto wetu anatarajiwa Novemba, na Novemba ni vuli. Mambo yakienda sawa tutazalia hapa karibu. Mambo yakigeuka, rufaa ni Malindi au Hola, na hakuna hata moja ya kwenda kwa miguu. Ambulansi ikipatikana ni sawa, lakini kama imetoka na mgonjwa mwingine utafanya nini? Kwa hivyo nilienda kwa watu wawili wenye magari, mchana, nikiwa sina haraka. Nikauliza bei ya usiku. Mmoja alisema 8,000. Tukaongea tukafika 6,500, na akanipa namba ya pili ya kumpata simu yake ikizima. Kumbuka dadangu aliambiwa 9,000. Bei unayoongea mchana ukiwa umetulia na ile unayotajiwa usiku mgonjwa analia si bei moja.

La pili, bima. Hapa wengi wetu tumelala. Mimi niliamini kujifungua hospitali ya serikali ni bure, basi. Tumekua hivyo. Bure ilianza Juni 2013, baadaye ikaja kuitwa Linda Mama. Lakini NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, na ili ilipie kujifungua lazima mama awe amesajiliwa na mchango wa nyumba uwe umelipwa. Sisi tusio na mshahara unajibu maswali kuhusu maisha yako, halafu unapangiwa kiasi. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na unatakiwa ulipe ya mwaka mzima, yaani 3,600. Sisi tulipangiwa 4,800. Niliguna. Kisha nikaona viwango vyake: kujifungua kwa kawaida inalipa 10,000, kwa upasuaji 30,000. Nikanyamaza. Kigari peke yake kilikuwa 7,500.

Kama hamjajisajili, bonyeza *147# leo ukiwa na kitambulisho. Usingoje mtu awe anapumua kwa nguvu ndiyo uanze kutafuta neno la siri.

La tatu nilitaka kuliruka, lakini ndilo lililoniuma zaidi, kwa hivyo wacha niseme. Deni. Mnaniona kwenye video naongea juu ya kujituma na kujiajiri. Wakati narekodi zile video nilikuwa na mikopo ya simu mitatu, jumla 11,200, na mke wangu hajui hata mmoja. Kila malipo yakiingia yanamezwa kabla sijayaona. Nikitumiwa 5,000 nabaki na 1,800, halafu nakopa tena ndiyo nimalize wiki. Na mtu akiniuliza nyumbani nasema wateja wamechelewa kulipa.

Aligundua siku ile ile tulipokaa na orodha, kwa sababu hesabu zilikataa kufungana. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa hiyo pesa ya gari ungeiweka kwa simu gani? Hii inayokula pesa?"

Sikuwa na jibu. Ingekuwa hivyo hivyo. Ningeweka 6,500 kwa laini yangu, na usiku wa siku yenyewe ningekuta 6,500 imelipa deni la bando na viatu.

Niliuza taa yangu ya kurekodia na simu ya pili, nikapata 9,500, nikaongeza nikafunga mikopo yote. Sa hii narekodi mlangoni saa kumi na moja jioni kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana video zangu zimebadilika rangi, wenye mmekuwa mkiuliza.

Na pesa ya gari haiko kwangu. Iko kwa laini ya mke wangu, na mamangu anajua namba ya siri. Fikiria vizuri: mimi naweza kuwa Malindi narekodi tangazo la mtu. Naweza kuwa Lamu na barabara imefunikwa na maji upande wa Gamba kama ilivyowahi kutokea. Pesa ya dharura iliyo kwenye simu ya mtu aliyeko mbali haina tofauti na kutokuwa nayo. Ikae na yule ambaye lazima atakuwepo, na anayezaa lazima atakuwepo. Najua wanaume wenzangu hapa mtaniita majina. Niiteni tu.

Kuhusu kupata hizo pesa, mimi sina mshahara. Miezi mitatu iliyopita niliingiza 18,000, halafu 6,500, halafu 21,000. Zamani nilikuwa napanga maisha kwa ule mwezi wa 21,000. Sasa tunapanga kwa ule wa 6,500. Chakula, kodi na stima vinatoka humo, hata kama ni kubana. Kinachozidi, mwezi wowote kikizidi, kinaenda kwa foleni: gari, SHA, kisha chakula cha mama.

Ndiyo, chakula cha mama, si cha mtoto. Wahudumu wa kliniki walituambia miezi 6 ya kwanza mtoto ni maziwa ya mama tu, hata maji hapewi. Kwa hivyo ile arobaini pesa inatakiwa iingie kwa sahani ya mama: samaki, uji, maziwa, supu, matunda. Tumeweka 200 kwa siku kwa siku 40, jumla 8,000. Tuko na 5,300 mpaka leo. Nguo za mtoto tumepewa na dadangu, zile zile za yule anayekimbiza kuku.

Akika nayo ilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimeshajiambia kama ni mvulana ni mbuzi wawili, lazima, watu watasema nini. Nikamwendea mjomba. Akaniambia, "Akika ni sunna, anafanya mwenye uwezo. Hakuna aliyekwambia ukope umchinjie mtoto deni." Nikalala.

Mke wangu yuko wiki ya 33. Namba mbili za dereva zimeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda, ili hata simu ikiisha chaji mtu aweze kusoma na kupiga kwa simu ya jirani. Mamangu alikuja jana, akazisoma polepole, akauliza bei, nikamwambia 6,500 na iko tayari.

"Haya," akasema.

Safari hii alikuwa amekubali.

Kama kuna mtu mjamzito nyumbani kwenu, awe mke, dada au mama, muulize leo swali la mamangu. Na kama hamna jibu, msinunue kitu kingine chochote kwanza.