Nyimbo za Mjomba na Kufuli Lisilo na Ufunguo

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba wangu alikuwa na mali, na daftari alikuwa nalo. Hata hivyo, mali yake ilipotea, tena kwa habari, kwa kuwa muuzaji mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumwarifu kuwa ingepotea. Mali hiyo ilikuwa nyimbo 312. Ningependa kukusimulia, ndugu msomaji, jinsi nyimbo hizo zilivyonyamaza, na jinsi nilivyozirejesha kwa njia ambayo hadi leo sijaweza kuitetea mbele ya nafsi yangu.

Mjomba aliishi Marekani kwa miaka mingi akifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Mwaka wa 2005 alianza kununua nyimbo katika duka moja la mtandaoni, kila wimbo kwa bei isiyotimia dola moja. Alikuwa mtu wa rumba, hasa ile ya Franco na Tabu Ley, na kila wiki alijinunulia nyimbo mbili tatu akazipakua. Kila alichonunua alikiandika katika daftari la shule lenye jalada la samawati: jina la wimbo, tarehe na bei. Aliporejea nyumbani mwaka wa 2011, alikibeba kipakatalishi chake kifuani kama abebaye mtoto mchanga. Alikuwa na kauli aliyopenda kuirudia kila mgeni alipousifu muziki wake: “Humu ndani hamna wimbo wa wizi.”

Asichokijua Mjomba ni kwamba nyimbo zile zilikuwa na kufuli. Kila faili lilifungwa kwa msimbo, na ili lifunguke, tarakilishi ilibidi iombe ruhusa kwa seva ya duka. Seva ilituma ufunguo uliofungamanishwa na tarakilishi ile moja pekee. Wenye muziki waliamini kwamba kwa njia hiyo wangezuia nakala za magendo. Lakini kufuli la namna hii huwa na udhaifu mmoja mkubwa: ufunguo haukai kwa mwenye nyumba, bali kwa fundi aliyelitengeneza. Fundi akifunga kazi, mwenye nyumba hubaki nje.

Mafundi walifunga kazi kweli. Mwezi wa Aprili 2008, Microsoft ilitangaza kwamba ingezima seva za ruhusa za duka lake la MSN Music mwishoni mwa Agosti, kisha ikaahirisha baada ya wateja kulalamika. Yahoo nayo ililifunga duka lake la muziki mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Duka la Mjomba, ambalo sitalitaja, lilifuata mkondo huo. Barua yake ilimshauri azinakili nyimbo kwenye sidii kabla seva hazijazimwa. Mjomba hakunakili. Nyimbo ziliendelea kulia katika kipakatalishi chake kama kawaida, naye alisema hajapata kumwona muuza viatu akirudi kuvidai.

Mwaka wa 2013 umeme ulipanda ghafla usiku, kipakatalishi kikaungua. Fundi wa mjini aliichomoa diski ikiwa nzima, akaitia katika tarakilishi nyingine. Nilikuwapo. Majina yote 312 yalijipanga kwenye kioo, moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa daftarini. Tulibofya la kwanza. Mashine ikaomba ruhusa kwa seva ambayo haikuwapo tena duniani. Tulibofya la pili, la tatu, la kumi. Mjomba alilifunga daftari lake akamlipa fundi, na njiani hakusema neno.

Nilipomaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka wa 2014, niliajiriwa katika duka dogo la huduma za intaneti. Kazi yangu kubwa haikuwa intaneti. Ilikuwa kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu: wimbo mmoja kwa shilingi tano, kadi nzima kwa shilingi mia. Nyimbo zenyewe zilitoka kila mahali, na hakuna aliyeuliza zilikotoka. Katika kazi hiyo ndipo lilinijia wazo la kumfaa Mjomba. Niliazima daftari lake kwa kisingizio cha kutaka kujifunza majina ya nyimbo za zamani. Kwa muda wa wiki sita nilizitafuta zote, moja baada ya nyingine, nikazijaza katika kadi na kuitia kadi katika redio yake ndogo.

Alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho kabla ya kunigeukia.

“Mpwa wangu, umezinunua?”

“Nimezinunua, Mjomba.”

Aliniangalia kitambo, kisha akaongeza sauti. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Mwaka wa 2017 alipofariki, usiku wa kuamkia mazishi, mkazamjomba alinijia kwenye turubai akaniambia, “Watafutie wageni zile nyimbo za mjomba wako. Asiende kimya.” Nikaileta kadi. Zikalia hadi alfajiri. Wazee walitikisa vichwa wakisema kwamba marehemu alikuwa mtu mwaminifu, hata muziki wake aliununua. Nami nilikuwa nimesimama kando ya spika, najua kwamba zile zilizonunuliwa zilikuwa zimefungiwa katika diski kabatini, na zinazolia ni za wizi.

Nimelitafakari tukio hilo kwa miaka. Kuna rafiki aliyenifariji kwa hoja kwamba sikuiba, kwa kuwa Mjomba alikwisha kulipa. Hoja hiyo ina uzito kiasi, na kwa kadi ile moja huenda ningeikubali. Lakini vipi kadi nyingine zote nilizozijaza kwa shilingi mia? Wateja wale hawakuwa wamemlipa yeyote isipokuwa mwajiri wangu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 iko wazi juu ya jambo hilo. Aidha, sisi wanafunzi wa fasihi hatuna budi kukiri kwamba mtunzi wa wimbo ni mtunzi sawa na mshairi tunayemchambua darasani. Jasho lake likinyonywa, atanyamaza, nasi tutakosa cha kuchambua.

Kwa hivyo siwalaumu wenye muziki kwa kutaka kulinda mali yao. Ninacholaumu ni dawa waliyoichagua. Mwaka huohuo wa 2005 Mjomba alipoanza kununua, kampuni ya Sony BMG iliuza sidii zilizopenyeza programu fiche ndani ya tarakilishi za wanunuzi ili kuzuia kunakili. Mtaalamu Mark Russinovich aliifichua mwezi wa Oktoba, ikabainika kwamba programu hiyo ingeweza kuvipa virusi maficho. Sidii zikaondolewa madukani. Tazama kinaya kilichopo: aliyenunua sidii halali aliambukizwa, ilhali aliyenakili kwa wizi alisalimika. Ndiyo kadhia ya Mjomba hiyohiyo. Kufuli lilimfungia nje mwaminifu, mwizi akapita dirishani.

Wenye biashara walilitambua hilo hatimaye. Mwezi wa Februari 2007, Steve Jobs wa Apple alichapisha waraka akihoji faida ya kufunga nyimbo za mtandaoni ilhali kampuni zilezile ziliuza muziki mwingi zaidi kwenye sidii zisizo na kufuli lolote. Mwezi wa Aprili kampuni ya EMI ilikubali kuuza bila kufuli. Septemba Amazon ikafungua duka la aina hiyo. Na Januari 2009 Apple ikatangaza kuondoa kufuli katika nyimbo zake zote. Biashara haikuporomoka kwa sababu hiyo. Kwa miaka kadhaa watu waliendelea kununua.

Walakini, kufuli lilipofunguliwa, mnunuzi naye alikuwa ameanza kuhama. Spotify ilizinduliwa Ulaya mwaka wa 2008, ikafika Kenya mwaka wa 2021, na leo takriban theluthi mbili ya mapato ya muziki uliorekodiwa duniani hutokana na huduma za kusikiliza moja kwa moja mtandaoni. Upakuaji wa kulipia umebaki kijito kidogo. Isitoshe, kufuli limerudi kwa vazi jipya: wimbo unaouhifadhi simuni kupitia huduma hizo hauchezi nje ya programu yake, na ukiacha kulipia, hunyamaza. Tofauti ni kwamba sasa tumeambiwa waziwazi kuwa tunakodi. Mjomba aliambiwa ananunua.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha ndani yangu anapoamka. Kitenzi “kununua” katika Kiswahili hakina utata: mali hutoka mkono mmoja ikaingia mwingine, na aliyeinunua aweza kuirithisha. Kitufe alichobofya Mjomba kilisema “nunua”. Mkataba uliofichwa nyuma yake ulisema “leseni”. Neno moja lilitumiwa kumvuta, jingine kumnyima. Jimbo la California lilitia sheria saini mwezi wa Septemba 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayowazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno “nunua” pasipo kumweleza mteja kwamba anapewa leseni tu. Semantiki, somo ambalo wenzetu wa vitivo vingine hulidhihaki, imeingia katika kitabu cha sheria.

Kuna jambo jingine linalotuhusu kwa karibu. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka wa 1858. Umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa mkono. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, alinakili miswada mingi ya tenzi, na wataalamu wa Ulaya walimlipa kwa kazi hiyo. Lau kila mswada ungekuwa na kufuli linalohitaji idhini ya duka lililokwisha kufungwa, tungesoma nini leo? Sisemi kwamba kujaza kadi kwa shilingi mia ni sawa na kazi ya Kijuma. Nasema kwamba fasihi isiyoweza kunakiliwa na mwenye haki ya kuwa nayo haina uhai mrefu, na kwamba wimbo ni fasihi.

Kwa maoni yangu, basi, upakuaji wa kulipia unastahili kuendelea kuishi, hata kama ni kijito, mradi uwe bila kufuli. Yapo maduka yanayofanya hivyo. Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka wa 2008, huuza mafaili yasiyofungwa na hukata asilimia 15 ya mauzo hayo, sehemu kubwa ya kinachosalia ikimwendea msanii. Mnunuzi hupata kitu cha kuwekwa kabatini na kuachiwa watoto. Msanii hupata malipo leo, badala ya visenti vinavyodondoka kila wimbo unaposikilizwa.

Daftari la samawati liko mezani kwangu ninapoandika makala haya, mkazamjomba alinipa. Tangu nilipopata mshahara wa kwanza wa kufundisha, nimekuwa nikizinunua nyimbo za Mjomba upya, bila kufuli, na kuandika tarehe na bei kando ya mwandiko wake. Nimefikia 187. Nyingine 61 nimeziona zikiuzwa, nangoja pesa. Zilizosalia ni 64, na hizo sijazipata popote zikiuzwa kwa kupakuliwa. Baadhi zimo katika huduma za kukodi, nyingine hata huko hazimo. Kando ya hizo 64 sijaandika kitu. Bado nazisikiliza kutoka kadi ileile.