Kutoka kwa Mjumbe hadi Dawatini

Nyumba tuliyopanga Temeke miaka ya themanini ilikuwa na vyumba sita na ukumbi mmoja, na ugomvi wa chumba kimoja ulikuwa wa nyumba nzima. Mume akianza kumpiga mkewe usiku, watu waliongeza sauti za redio. Asubuhi mama yule akitoka uani na jicho limevimba, wenzake walimpokea ndoo, wakamkorogea uji, wakamsihi avumilie kwa ajili ya watoto. Walimpenda kweli. Ila sikumsikia hata mmoja akisema kwamba alichotendewa ni kosa.

Mambo yakizidi, alipelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alisikiliza pande zote mbili, kisha akamgeukia mke: ulimfanya nini mwenzio hata akakasirika hivyo? Kikao kilikwisha kwa mume kuambiwa apunguze hasira na mke apunguze mdomo. Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo sheria. Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema, katika kifungu cha 66, kwamba mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu hicho kilikuwapo siku zote zile, na pale uani hapakuwa na aliyekijua. Bado linaniuma hilo.

Februari 1990 alifariki Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, wale waliobandika matusi ukutani dhidi ya wasichana waliowakataa. Nilikuwa bado shuleni. Kilichotushtua ni kwamba yalimpata mahali tulipofundishwa kupatamani: tuliamini ukisoma sana utayaacha mambo ya uani kwetu. Waandishi wanawake hawakukubali kifo kile kipite kama habari ya siku moja.

Chama chao, TAMWA, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1987 na wanahabari akina Fatma Alloo na Edda Sanga, ambaye sauti yake tuliizoea Redio Tanzania. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, na sioni jina lingelifaa zaidi. Kwani Siti, miongo kadhaa kabla yao, hakuimba Unguja habari za mwanamke aliyeuawa huku muuaji akitoroka?

Nilipoingia kwenye uandishi, niliwakuta wameshabuni namna yao ya kufanya kazi. Walichagua jambo moja, kwa mfano ubakaji wa watoto, wakalichunguza pamoja, kisha wakalitoa kwa mkupuo katika magazeti na redio, mpaka mbunge akifungua gazeti lolote alikutana nalo. Hawakuishia kuandika. Waliwafuata wabunge, wakakaa na wanasheria wanawake, na walikuwa na kituo ambako mwanamke aliyepigwa alisikilizwa na kupewa ushauri wa kisheria bila kuulizwa kwanza alimkosea nini mumewe.

Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria Maalumu ya Makosa ya Kujamiiana. Mbakaji sasa alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kukawa jinai. Kwangu mimi, kubwa kuliko adhabu lilikuwa suala la ushahidi: mahakama iliweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Ukiyakumbuka yale maswali ya mjumbe, utaelewa kwa nini nililia niliposoma.

Lakini ili afike mahakamani, mwanamke alipaswa kupita kaunta ya polisi. Nimewaona waliofika hospitali wakivuja damu, wakarudishwa kuchukua kwanza PF3, ile fomu ya polisi. Kituoni ulisimama kaunta ukieleza ulivyobakwa, na nyuma yako kuna mtu aliyekuja kuripoti baiskeli iliyoibwa, naye anasikia kila neno. Wengi waligeukia hapo hapo wakarudi nyumbani. Madawati ya Jinsia na Watoto, yaliyosukumwa na Mtandao wa Polisi Wanawake, yalianza kuibadili njia hiyo: chumba chenye mlango, na askari aliyefunzwa kusikiliza. Vikafuata vituo vya mkono kwa mkono, kama cha Mnazi Mmoja Unguja na cha Amana Dar es Salaam, ambako daktari, polisi na mshauri wako chini ya paa moja. Havitoshi, na vijijini safari ya kuvifikia bado ni ndefu.

Zipo sehemu ambazo sheria yenyewe haijaguswa. Mume anayemwingilia mkewe kwa nguvu hatendi kosa la kubaka, isipokuwa wawe wametengana. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono mwaka 2019. Miaka ikapita bila Bunge kuvibadili.

Na hofu ya ile miaka 30 niliyoishangilia imezaa kikao kipya cha siri. Mtoto anabakwa na baba yake mdogo, ukoo unakutana, inatajwa pesa, na shahidi anasafirishwa mkoani. Mwendesha mashtaka anabaki na jalada lisilo na watu.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kesho yake ilikuwa siku ya kesi ya mtoto mmoja aliyebakwa, na bibi yake, ambaye tulimfuata nyumbani, alikwisha kutuma ujumbe kwamba hawatakwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshasema, sitaki kesi."

"Sijaja kukulazimisha, bibi. Nimekuja kukuuliza, kesho ukikaa nyumbani, mjukuu wako utamwambia nini?"

Bibi alinyamaza, kisha akasema lililokuwa moyoni: "Huyo mnayemshtaki ndiye anayelipa kodi ya hiki chumba. Akifungwa, tutalala wapi?"

Msaidizi yule hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Alimwambia atakuja alfajiri na nauli. Bibi alikwenda. Mtoto alitoa ushahidi mahakama ikiwa imefungwa kwa watu wa nje, kama sheria inavyotaka, na mshtakiwa akatiwa hatiani.

Kodi ya chumba ilichangwa na wanawake wa mtaa ule kwa miezi michache, kisha bibi na mjukuu wakahamia kwa ndugu Mbagala. Hapo ndipo tunapoibana serikali sasa: fungu la kuitunza familia ya mtoto kuanzia siku anapofungua kinywa, ili asiwepo bibi mwingine wa kuchagua kati ya mjukuu wake na paa.