Mama kwa Viza ya Mgeni

Kwa sheria za Uingereza, mama yangu ni mgeni sawasawa na mtalii yeyote anayekuja kupiga picha mbele ya Big Ben. Viza aliyopewa ni hiyohiyo: kukaa hadi miezi 6, marufuku kufanya kazi, marufuku kugusa fedha za umma. Silalamiki, kila nchi ina mlango wake. Ila kwetu Tanga mama hawi mgeni kwa mwanawe. Anafika na furushi lake, na kabla ya magharibi keshajua sukari inafichwa wapi. Huku, tangu 2012, masharti ya kumleta mzazi aje aishi nawe yamekazwa kiasi kwamba wengi wetu hata hatujisumbui kuomba. Mzazi anakuja kutembea, na tarehe ya kurudi imeshaandikwa kwenye tiketi.

Na sisi wenyewe tulipita kwenye ufa. Februari 2022 serikali iliwaruhusu wahudumu wa wazee kuomba viza ya kazi. Mke wangu akaipata, mimi na watoto tukamfuata. Machi 2024 wahudumu wapya wakakatazwa kuja na familia, na Julai 2025 milango ya kuwaajiri kutoka ng'ambo ikafungwa. Nyumbani haya hayajulikani. Kinachojulikana ni kwamba tuko London, ingawa London yenyewe tunaifikia kwa treni.

Mama alikuja Juni. British Airways iliacha kuruka Dar es Salaam mwaka 2013, kwa hiyo alibadilisha ndege Addis Ababa, akiongozwa na binti asiyemjua ambaye hadi leo anamtumia salamu za Ijumaa. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa nchini, samaki ruksa. Basi sanduku moja lilikuwa dagaa, binzari na unga wa muhogo, na khanga zimezungushiwa chupa za mafuta ya nazi. Nguo zake mwenyewe zilijaa mfuko mmoja wa mkononi.

Kwa mtu aliyezaliwa jirani na ikweta, ambako adhana ya magharibi haitoki mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, jua la Juni la huku ni fitina. Linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, linazama saa tatu na ushei usiku. Jioni ya kwanza alituona tunawalaza watoto, mapazia mazito yamefungwa, nje kweupe kama alasiri. "Hawa wanaumwa?" akauliza. Isha ilimsubirisha hadi karibu saa tano, alfajiri ikamdai mnamo saa tisa. Usingizi wake ukavurugika, akawa macho saa ambazo mgeni huwa amelala. Ndiyo maana aliona mengi.

Wenzangu wengi wanapopokea ndugu huchukua likizo yote ya mwaka. Wanawazungusha Buckingham Palace, wanawapiga picha kwenye mabasi mekundu, nyumba inanukia pilau kila siku, na ndugu wanarudi wakisimulia peponi. Naona ni kazi bure, tena ina hasara. Mgeni apelekwe Big Ben, sawa, lakini aachwe aione na Jumanne. Sisi likizo ya kutosha hatukuwa nayo, kwa hiyo Mama alizipata Jumanne zote.

Siku moja kengele ya mlango ililia, akawahi kufungua. Huku mtu habishi hodi bila kuagana. Kengele ikilia ni kifurushi. Kijana akaweka boksi chini, akarudi nyuma hatua mbili, akainua simu alipige picha liwe ushahidi kwamba limefika. Mama, aliyesimama nyuma ya boksi, akadhani anapigwa picha yeye. Akajitanda khanga vizuri, akatulia. Halafu akamkaribisha chai, kwa Kiswahili. Kijana alikuwa ameshafika kwenye gari.

"Ana nini huyu?"

Nikamweleza kwamba ana mzigo wa kumaliza kabla ya jioni, na simu ile inamhesabia kila mlango.

Akafikiri kidogo. "Na wewe kazini, inakuhesabia?"

Ghalani tunashika mashine ndogo ya kusoma namba za bidhaa, na mashine inajua nimesimama dakika ngapi. Nikasema ndiyo. Hakuongeza neno, lakini tangu siku hiyo nikirudi hakuwa ananiuliza habari za kazi. Alinisogezea kiti.

Vyombo ndivyo vilivyomtatiza zaidi. Mara ya kwanza aliponikuta nasugua sufuria alininyang'anya dodoki, hakusema kitu, ila nilielewa hasira ilikuwa inaelekea kwa nani. Kisha akaanza kuangalia saa. Mimi naingia saa kumi na mbili na nusu jioni, mke wangu anatoka saa moja kuwahi zamu ya usiku. Ufunguo wa gari tunapokezana mlangoni pamoja na maneno mawili matatu: chakula kipo, mdogo anakohoa, kesho kuna fomu ya shule ya kusaini. "Nyie mmeoana au mmepangiwa lindo?" alituuliza, tukacheka wote watatu, halafu mke wangu akakimbia. Sufuria zilizofuata aliniachia.

Swali lililokaa nyumbani kwetu muda mrefu alimuuliza mkwewe. Asubuhi moja mke wangu alikuwa amerudi kazini, viatu bado viko mguuni, anakula kiporo cha wali na dagaa huku macho yanafumba. Mama akamuuliza wazee anaowahudumia wana watoto. Wanao, akajibu, wengine huja Jumapili. Mama akachambua mchele wake kidogo, kisha akasema taratibu:

"Kwa hiyo wewe unamuogesha mama wa watu. Na mama yako Muheza anaogeshwa na binti wa watu, unayemlipa kwa kumuogesha huyu."

Mimi nisingethubutu kulisema. Rafiki angelisema pangechafuka. Mkwe alilisema kwa sauti ya mtu anayejumlisha bei za sokoni, bila lawama, na mke wangu akajibu "Ndivyo, Mama," akaenda kulala. Jioni yake nilimkuta Mama anaongea kwa simu na mama mkwe wangu, mazungumzo marefu ambayo walikatisha nilipoingia.

Ninachokifikiria tangu hapo ni jinsi pesa inavyofika nyumbani ikiwa imeoshwa. Ujumbe unaingia kwenye simu kwamba umepokea shilingi kadhaa. Hauandiki mtumaji aliamka saa ngapi. Anayepokea hana namna ya kujua, na tukisema ndugu zetu wana tamaa tunawaonea, kwa sababu picha tunazowapelekea ni za theluji na za sikukuu. Nani amewahi kutuma picha ya chumba cha kubadilishia nguo ghalani? Unaweza kueleza kwa simu mpaka salio liishe, wataona unajitetea. Macho ya mtu mmoja anayeaminika ukoo mzima yanatosha.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Afisa wa uhamiaji angelitaifisha jembe hilo, ingawa kanuni zenyewe zinamruhusu ndugu aliye ziarani kuangalia watoto wa nyumba, mradi isiwe ajira. Mama hakungoja kupewa. Alisuka, alipika, alisindikiza shuleni. Mwanangu wa kiume, ambaye Kiswahili alikuwa anakijua kwa kutumwa tu, sasa anabisha nacho. Kilichoninyima usingizi mimi ni presha ya Mama. Idara ya dharura hospitalini hutibu mtu yeyote bila kumtoza, lakini mgeni wa muda mfupi akilazwa huweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Bima tulikata kabla hajapanda ndege, na vidonge vyake nilikuwa navihesabu kwa siri kila asubuhi.

Alikuja na daftari la shule lenye maombi ya watu: simu ya mtoto wa shangazi, viatu vya mpira, manukato, dawa ya magoti ya jirani. Wiki za mwanzo alinisomea. Baadaye nikawa namsikia analifanyia kazi mwenyewe, kalamu mkononi, simu imewekwa sauti ya juu. Shangazi alipomkumbushia ile simu ya mwanawe, Mama alimjibu: "Aliye huku yake imepasuka kioo tangu mwaka jana. Huyo wako asubiri, au auze mahindi." Shangazi akacheka akidhani ni mzaha.

Maombi hayajakoma, sitadanganya. Siku hizi yanapitia kwa Mama, naye anayachuja, na yanayonifikia ni ya ada na ya hospitali, ambayo natoa bila kinyongo. Gharama yake ni kwamba barabara ya kumi na tano nzima kule Tanga inajua naosha sufuria.

Sasa mjomba naye anataka kuja. Barua ya mwaliko nimeshaiandika kama inavyotakiwa: atalala wapi, nani atamlisha, taarifa zangu za benki. Safari hii nimemtumia na kitu kingine, ratiba yetu ya wiki, zamu za mke wangu na zangu, saa ambazo nyumba itakuwa ya kwake peke yake. Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Ratiba ameiona, hana tatizo nayo, yeye ni mtu mzima, chai anajua kuchemsha. Anachouliza ni kama Jumamosi zangu ziko wazi, maana hawezi kuvuka bahari zote hizo halafu mechi ya Arsenal akaiangalie kwenye runinga.