Soma Kopo la Grisi Kabla Hujalifungua

Mimi ni bwana shamba hapa Kiwangwa, Mkoa wa Pwani. Nina cheti cha kilimo. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima. Leo sitakuandikia habari za mbegu wala mbolea. Nitakuandikia habari za grisi.

Usishangae. Sisi wa Kiwangwa tunalima mananasi. Nanasi hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvunwa. Lakini likishaiva halingoji. Gari likiharibika njiani, jasho la mwaka mzima linaoza juani. Mimi nimeliona jambo hili kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Kosa langu

Mzee mmoja jirani yangu ana kigari cha mizigo. Kigari hicho huvutwa na magurudumu ya mbele. Msimu mmoja, mwezi wa Desemba, mpira unaofunika kiungo cha gurudumu la mbele ulichanika. Mzee alinunua mpira mpya. Kisha alinijia na kopo la grisi ya manjano, ile tunayoitumia kwenye tela la trekta. Akaniuliza, "Bwana Shamba, grisi hii itafaa?"

Sikulisoma kopo. Nilimjibu, "Mzee, grisi ni grisi. Paka tu."

Mzee aliniamini kwa sababu nina cheti. Kijana wake alipaka grisi hiyo juu ya ile ya zamani, ambayo ilikwisha kuingia mchanga. Akafunga mpira mpya.

Baada ya wiki chache gari lilianza kulia ta-ta-ta kila lilipokata kona. Hatukujali. Alfajiri moja lilibeba mananasi yapata 300 kwenda Dar es Salaam. Halikufika hata kwenye barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata. Kiungo kilivunjika katikati ya mchanga. Tulikaa siku mbili kabla ya kupata kiungo kingine. Mananasi mengi yalioza. Yaliyobaki yaliuzwa kwa bei ya kutupa.

Fedha hizo zilikuwa za sare na madaftari ya mjukuu wake, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi anatufundisha

Fundi aliyekuja kututengenezea gari aliwahi kuwa msaidizi wa mafundi wa magari ya mashindano. Alikifungua kiungo kilichovunjika. Mafundi hukiita sivi jointi. Ndani yake mna gololi sita za chuma. Kila gololi hukaa katika mfereji wake. Gari likikata kona, au likipanda na kushuka mashimo, gololi hizo huteleza ndani ya mifereji, huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Mifereji yetu ilikuwa imelika kama jembe la zamani.

Fundi akauliza, "Mlitia grisi gani?"

Mke wa mzee alileta kopo. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Alisoma herufi moja moja, pole pole. Kopo lilisema ni grisi ya chasisi, yaani ya pini na maungio ya chini ya gari. Maneno hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Mimi mwenye cheti sikuyasoma.

Fundi alitueleza kwamba grisi hiyo si mbaya. Iliwekwa mahali pasipoifaa. Mkulima ataelewa: mbolea ya kupandia si ya kukuzia.

Grisi ni mafuta yaliyochanganywa na sabuni maalumu ili yasitiririke. Sabuni ya kalsiamu hupambana vizuri na maji, kwa hiyo inafaa kwenye pini za tela. Lakini grisi ya kalsiamu ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 100 za joto. Grisi ya lithiamu hustahimili zaidi; yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 180.

Tena gololi za sivi jointi hubana chuma kwa nguvu sana, mpaka mafuta yanasukumwa nje. Kwa hiyo grisi yake hutiwa unga mweusi uitwao molibdeni. Chukua penseli, usugue ncha yake kwa vidole. Umeona inavyoteleza? Unga huo hufanya kazi kama hiyo. Mafuta yakisukumwa, unga hubaki kati ya chuma na chuma.

Magari ya mashindano

Labda umesikia habari za mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Mwaka 2021 mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha, Kenya.

Magari ya namna hiyo hupita kwenye mawe, vumbi na matope kwa mwendo wa kasi. Magurudumu hupanda na kushuka sana, viungo hupinda sana, na joto huwa kali. Fundi wao hachagui grisi kwa rangi. Rangi hutiwa na kiwanda tu. Huchagua kwa kazi na kwa joto.

Kigari chako cha mananasi hakikimbii hivyo. Lakini kinabeba mzigo mzito katika mchanga na mashimo. Nacho kina mashindano yake.

Mambo ya kufanya

1. Soma kopo. Kwa sivi jointi ya nje yenye gololi, tafuta grisi ya lithiamu yenye molibdeni. Huenda ikaandikwa MoS2. Kama mpira mpya umekuja na kifuko cha grisi, tumia hiyo.

2. Usichanganye grisi. Aina nyingine zikikutana hulainika na kutiririka. Ondoa yote ya zamani, safisha kiungo, kikauke kabisa.

3. Kiungo cha ndani, upande wa gia, mara nyingi ni cha namna nyingine na huhitaji grisi yake. Muulize fundi.

4. Usitie grisi nyeusi kila mahali. Beringi za magurudumu zina grisi yake.

5. Kagua mipira kila wiki. Ukiona grisi imerukia upande wa ndani wa gurudumu, mpira umechanika. Badilisha mpira kabla mchanga haujaingia.

6. Gari likilia ta-ta-ta kwenye kona, usilipakie mzigo. Mwite fundi.

Ndugu msomaji, nilimchangia mzee nusu ya bei ya kiungo kipya. Mananasi yake sikuweza kuyarudisha. Mjukuu alianza shule akiwa amechelewa wiki mbili, kwa sare ya kuazima.

Siku hizi mkulima akiniletea kopo la grisi, la dawa au mfuko wa mbolea, simjibu upesi. Namwomba alisome yeye kwanza kwa sauti, nami nasikiliza. Tukikwama kwenye neno, tunamtafuta anayelijua. Nawe fanya hivyo hivyo, hata kama anayekushauri ana cheti.

Kazi njema.