Shabaha Haina Pupa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Msomaji mpenzi, aghalabu methali hii hutumiwa kueleza jinsi mtoto anavyorithi kazi ya mzazi wake. Mimi nataka kuitazama kwa upande wa mvukuto wenyewe. Hewa haionekani wala haishikiki, lakini ikibanwa na mhunzi hufanya makaa yawake na chuma kilainike. Hewa iyo hiyo, ikibanwa ndani ya bomba la chuma, huweza kusukuma punje ya risasi kwa kasi ya zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Hiyo ndiyo bunduki ya hewa, ambayo wengine huiita bunduki ya upepo, na ambayo wengi wetu huku nyumbani huidhania kuwa kitu cha kuchezea watoto.

Si kitu cha kuchezea, na wala si kitu kipya. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilitumia bunduki za hewa zilizobuniwa na Bartolomeo Girandoni, na Lewis na Clark walibeba bunduki ya hewa katika msafara wao wa kuvuka bara la Marekani kati ya miaka ya 1804 na 1806. Siku hizi chombo hiki kina nafasi yake katika Michezo ya Olimpiki, ambapo mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha ambayo alama yake ya kumi ina upana wa nusu milimita tu. Nusu milimita! Punje yenyewe ina upana wa milimita 4.5. Yaani anayelenga hutafuta kitu kilicho kidogo mara tisa kuliko kile anachokirusha.

Niliyajua haya mwaka wa 2016, nilipopata fursa ya kusoma kwa mwaka mmoja mjini Leicester, Uingereza. Mji huo una wazee wengi wa asili ya Kihindi waliozaliwa Afrika Mashariki, na mmoja wao alikuwa jirani yangu. Alizaliwa Mombasa, akajifunza kazi ya kutengeneza saa katika duka la baba yake, kisha akahama na jamaa zake mwaka wa 1968. Aliponisikia nikizungumza kwa simu na mama yangu, alisimama mlangoni akasubiri nimalize, halafu akaniuliza kwa lafudhi ya Kimvita isiyo na doa, “Mwanangu, kwenu wapi?” Tangu siku hiyo nikawa na mzee wa kumwamkia.

Mzee huyo alikuwa mlengaji. Sebuleni mwake ilikuwapo picha ya Abhinav Bindra, Mhindi aliyeshinda dhahabu ya bunduki ya hewa kule Beijing tarehe 11 Agosti 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa India katika shindano la mtu mmoja mmoja. “Risasi yake ya mwisho ilipata 10.8,” mzee alipenda kunikumbusha, “na ukomo ni 10.9.” Alikuwa na rafiki mkulima nje ya mji, mfugaji wa kuku, aliyekuwa akisumbuliwa na panya waliomla chakula cha kuku ghalani. Mkulima alikuwa amekwisha kununua sumu. Mzee alimsihi asiitumie, kwa kuwa ghala lilikuwa na bundi waliotaga juu ya boriti, na bundi akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Mkulima alikubali kusubiri mwezi mmoja. Mzee macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, kwa hiyo alinitazama mimi.

Nilicheka kwanza. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hukosa usingizi, na hapa nilitakiwa kumwokoa! Lakini nilikubali. Kwa akiba ya kazi yangu ya kuosha vyombo mkahawani nilinunua bunduki ya hewa ya kamani, yenye nguvu isiyozidi kiwango kile kinachoruhusiwa na sheria ya Uingereza bila leseni, ambacho ni takriban jouli 16, kwa mnunuzi aliyetimu miaka 18. (Huko Scotland leseni inahitajika tangu mwisho wa mwaka huo wa 2016. Nawe msomaji uliye Kenya, usinunue wala usiagize chombo cha aina hii kabla ya kupata idhini ya mamlaka inayotoa leseni za silaha.)

Mzee alinipa sharti moja. Sitaingia ghalani mpaka niweze kutia risasi tano, kutoka mita 20, ndani ya duara lenye upana wa milimita 25, na niweze kurudia hivyo mara tatu mfululizo. Nilimwuliza kwa nini awe mkali hivyo kwa ajili ya panya. Akanijibu, “Panya ni adui wa mkulima, sikatai. Lakini adui naye ana haki ya kufa mara moja. Ukimpiga ubavuni akatambaa kwenda kufia shimoni kwa siku mbili, wewe una tofauti gani na sumu?”

Siku ya kwanza risasi zangu tano zilitawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Zilienea upana wa kiganja. Nilidhani mzee angenionyesha namna ya kulenga. Hakunionyesha. Alichukua bisibisi.

“Bunduki mpya haijakujua, nawe hujaijua,” alisema. Tulianza na skurubu zinazoshikanisha kitako na chuma. Bunduki ya kamani hutikisika kila inapofyatuliwa, na mtikisiko hulegeza skurubu. Skurubu ikilegea, chuma hukaa mahali tofauti kila mara. Tukazikaza kwa kiasi, bila kuzilazimisha. Kisha tukausafisha mtutu. Kiwandani hupakwa mafuta ili usishike kutu, na mafuta hayo huivuruga risasi inapopita. Tulipitisha vipande vya kitambaa kikavu, kimoja baada ya kingine, hadi kikatoka cheupe.

Hata hivyo, risasi za mwanzo zilitoka kwa kishindo na moshi kidogo. Nilishangaa, maana bunduki ya hewa haina baruti. Mzee alinieleza kwamba hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyosalia ndani huwaka. Risasi moja huenda kwa kasi kubwa, inayofuata kwa kasi ndogo. Na maadamu kasi hubadilika, mahali pa kugonga napo hubadilika. Dawa yake ni kufyatua risasi mia kadhaa kwa utulivu mpaka mafuta yaishe na sehemu za ndani zizoeane. Alinionya nisifyatue kamwe bila risasi, kwa sababu pistoni hukosa mto wa hewa wa kuipokea ikajigonga chuma kwa chuma.

Hatua ya tatu ilikuwa kuchagua risasi, na hapa lugha ilitufurahisha sote wawili. Katika Kiswahili risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni ile madini nzito ya kijivu. Punje zangu zilikuwa risasi za risasi! (Ndiyo maana alinilazimisha kunawa mikono kila tulipomaliza, kwani madini hiyo ni sumu.) Tulinunua mikebe minne ya aina tofauti, zote za milimita 4.5, lakini zikitofautiana kwa uzito, kwa umbo la kichwa na kwa vipimo vidogo mno. Kila mtutu una risasi inayoupenda, na hakuna mwenye duka awezaye kukuambia ni ipi. Tulifyatua tanotano kutoka kila mkebe, nikiwa nimekaa mahali pamoja, kisha tukapima. Mkebe wa bei ghali kuliko yote ulishika nafasi ya tatu. Uliotangulia ulikuwa wa bei ya wastani, wenye punje za kichwa cha mviringo.

Baada ya hayo ndipo tulipofika kwenye mikono yangu. Mzee aliniuliza kama najua maana ya kamani. Nikajibu kuwa ni ule utepe wa chuma uliojiviringa ndani ya saa. “Na kwa Kigujarati kamani ni nini?” Sikujua. Akasema ni upinde, neno lililotoka kwa Waajemi. Basi ndani ya bunduki yangu mlikuwa na upinde, na upinde ukiachiliwa husukuma pande zote mbili. Pistoni inaporuka mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni inapogota kwenye hewa iliyobanwa, bunduki huruka mbele. Mambo haya yote hutokea kabla risasi haijatoka mtutuni. Anayeikaba bunduki kwa nguvu huipinda njia yake, na kwa kuwa hawezi kuikaba kwa nguvu ileile kila mara, risasi hutawanyika. Anayeiegemeza juu ya meza ngumu hupata taabu hiyohiyo, maana huruka kutoka kwenye meza.

“Ishike kama unavyombeba mtoto aliyelala,” alisema. Mkono wa kushoto ukawa kiganja kilichofunguka, bunduki ikalala juu yake mahali palepale kila mara. Kitako kikagusa bega bila kulisukuma. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikatulia. Kidole kikavuta kifyatuo hadi kilipokutana na ukinzani, kikasimama, kisha kikaendelea polepole pasipo kuikurupusha bunduki. Na baada ya mlio sikuinua kichwa. Niliendelea kutazama shabaha kwa muda wa kuhesabu moja hadi mbili, kwa kuwa anayekimbilia kuona matokeo huanza kuinuka kabla risasi haijaondoka.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba kwa wiki mbili na nusu mzee hakuniruhusu kuigusa darubini. Risasi zangu zilikuwa zimeanza kukusanyika, lakini zilikusanyika pembeni, kushoto na chini ya alama kwa kiasi cha sentimita nne. Nilitaka kuzirekebisha. Alikataa. “Zikusanye kwanza. Ukifukuza kila risasi kwa darubini, utazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Risasi tano zilizo pamoja mahali pabaya zina habari. Risasi tano zilizotawanyika, hata moja ikigonga katikati, hazina habari yoyote.” Siku aliporidhika, alizungusha vifundo viwili vya darubini, cha juu na cha kando, mibofyo michache. Risasi tano zilizofuata zilihamia katikati zote kwa pamoja, kama familia inayohamia nyumba mpya.

Siku ya ishirini na sita nilitimiza sharti. Duara la tatu lilikuwa na upana wa milimita 22. Mzee alilipima kwa kifaa chake cha zamani cha ufundi wa saa, akalipima tena, akatia karatasi mfukoni bila kusema neno.

Jioni iliyofuata tulikaa ghalani, nyuma ya shabaha zetu pakiwa na mbao nene na magunia ya udongo ili risasi isirudi wala isivuke. Panya wa kwanza alipita mbio, sikufyatua. Wa pili alisimama, lakini nyuma yake palikuwa na ukuta wa bati, sikufyatua. Wa tatu alikaa kwenye mwanga akila punje ya mahindi kwa mikono miwili, kama mtu. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kisha nilifyatua, naye akalala palepale bila kutikisika. Sikuona fahari. Niliona tu kuwa deni limelipwa.

Kwa wiki kadhaa tulipunguza panya, ingawa hatukuwamaliza. Kilichosaidia zaidi ni mapipa ya bati yenye mifuniko, ambayo mkulima aliyanunua ili kuhifadhi chakula cha kuku. Mkebe wa sumu aliurudisha dukani. Bundi waliangua makinda matatu.

Msomaji mpenzi, nimeyaeleza haya katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lugha. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na salamu, na kwamba ufundi na sayansi vina lugha zake. Mzee aliyeondoka Mombasa mwaka wa 1968 alinifundisha mambo ya joto, mgandamizo na mwendo kwa maneno aliyotoka nayo: kamani, mtutu, bisibisi, kitako, shabaha. Pale tulipokosa neno, tulieleza, na maelezo yakatosha. Upungufu si wa lugha. Ni wa sisi tunaoikimbia kabla ya kuitia kazini.

Ya pili ni sisi wenyewe. Neno lengo na neno shabaha katika lugha yetu hutumika kwa mlengaji na kwa mwenye nia. Wengi wetu tunapoanza masomo, kazi au utafiti, hurekebisha darubini kila siku: leo tunabadilisha somo, kesho mwalimu, keshokutwa ndoto. Ni vyema kwanza kukaza skurubu, kusafisha mtutu, kuchagua kinachotufaa bila kutazama bei, na kurudia jambo moja kwa namna moja hadi makosa yetu yenyewe yakusanyike mahali pamoja. Makosa yaliyokusanyika hurekebishika kwa mibofyo michache. Na kila tunapolenga, tujiulize ni nani atakayeumia tukikosa. Subira huvuta heri, na pupa huacha majeruhi.